Kugongwa Kichwa Mchezoni

Ubongo umo ndani ya fuvu kama kiini kilivyomo ndani ya yai. Yai likitikiswa sana, ganda huweza kubaki zima, na kiini kikavurugika. Ndivyo ilivyo kwa mchezaji aliyegongwa kichwa: pengine hatoki hata tone la damu, nasi twadhani ya kuwa hakuumia.

Mwaka 2014, katika mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia mjini Rio de Janeiro, Mjerumani Christoph Kramer aligongwa kichwa na bega la mchezaji mwingine, naye akaendelea kucheza. Punde akamwendea mwamuzi, akamwuliza kama huo ndio mchezo wa mwisho. Alitolewa dakika ya 31, na baadaye alisema hakumbuki mengi ya mchezo ule.

Katika klabu zetu hakuna daktari kiwanjani. Wenziwe ndio watakaomtazama. Akiyumba, au akirudia swali lile lile, au kichwa kikimwuma, atoke, asirudi siku ile hata akikasirika (naye atakasirika), kwa kuwa pigo la pili kabla ubongo haujapona laweza kumwua, hasa kijana. Asiachwe peke yake. Na akitapika mara kwa mara, au akiwa mgumu kuamshwa, apelekwe hospitali usiku ule ule, pasingojwe asubuhi.