Mpenzi wa roki asome jina la mtunzi

Wako vijana wetu wanaopenda muziki wa roki, ule wa magitaa ya umeme yanayonguruma na ngoma nzito zinazotikisa kifua. Wazee huwasuta kwamba wameacha ya kwao na kufuata ya Wazungu. Vijana nao hujitetea kwa kusema kwamba muziki hauna rangi. Kwa maoni yetu pande zote mbili zimeharakisha kutoa hukumu, kwa kuwa hakuna aliyeuliza swali ambalo kadhi yeyote angelianza nalo: mali hii ni ya nani?

Jibu lake halikufichwa. Vikundi vikubwa vya roki vilivyotoka Uingereza katika miaka ya 1960, mathalani Rolling Stones, Cream na Led Zeppelin, vilijifunza kazi kwa kusikiliza santuri za bluzi zilizopigwa na Wamarekani Weusi. Hata jina la Rolling Stones limetokana na wimbo wa Muddy Waters uliotolewa mwaka 1950. Kwa hiyo mpenzi wa roki anayetaka kuanza kusikiliza bluzi haendi ugenini. Anakwenda nyumbani kwa babu wa muziki anaoupenda. Na mlango wa nyumba hiyo ni jina la mtunzi, lile linaloandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la wimbo, ambalo wasikilizaji wengi hawana habari nalo.

Twashauri basi aanze na wimbo anaoujua. Tuchukue Crossroads, uliopigwa na Cream jukwaani huko San Francisco mwezi Machi 1968. Mtunzi anayetajwa hapo ni Robert Johnson. Huyu alikuwa kijana wa Mississippi aliyerekodi nyimbo 29 tu, katika Texas, mwaka 1936 na 1937, kisha akafariki mwezi Agosti 1938 akiwa na umri wa miaka 27. Mwanafunzi mwenye pupa atakimbilia kwake mara moja, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Santuri zile ni za mtu mmoja na gitaa moja lisilo na umeme, na mchakacho wa sindano unashindana na sauti ya mwimbaji. Sikio lililolelewa na vipaza sauti halitaona ladha yake siku ya kwanza. Yafaa msikilizaji arudi nyuma ngazi kwa ngazi, kama ashukaye kisimani.

Ngazi ya kwanza ni mji wa Chicago baada ya Vita Kuu ya Pili. Muddy Waters, ambaye jina lake la kuzaliwa ni McKinley Morganfield, alikuwa mfanyakazi katika shamba la pamba karibu na Clarksdale, Mississippi, wakati Maktaba ya Bunge la Marekani ilipotuma watu kumrekodi mwaka 1941. Mwaka 1943 alipanda treni kwenda Chicago, kama walivyofanya Weusi wengi waliokimbia mashamba ya Kusini kutafuta kazi za viwandani. Katika vilabu vya mji ule gitaa la kijijini lilimezwa na kelele za walevi, hivyo akashika gitaa la umeme, akakusanya wapiga ngoma, piano na kinanda cha mdomo. Msikilizaji wa roki akisikia santuri alizotoa kati ya 1950 na 1960 atajikuta yupo nyumbani, maana vyombo ni vile vile avijuavyo. Baada yake amsikilize Howlin' Wolf, jitu la miraba minne lenye sauti ya kukwaruza kama msasa. Mwezi Mei 1965 Rolling Stones walipoalikwa katika kipindi cha televisheni huko Marekani walisisitiza kwamba Howlin' Wolf naye aonyeshwe. Alipokuwa akiimba, wao waliketi chini ya jukwaa kama wanafunzi chuoni mbele ya mwalimu wao.

Ngazi ya pili ni B.B. King, aliyefariki mwaka 2015. Mpenzi wa roki anayeshangilia gitaa linaloimba peke yake katikati ya wimbo na amsikilize huyu katika santuri yake ya Live at the Regal, iliyorekodiwa Chicago mwezi Novemba 1964. Atagundua kwamba mpigaji huyu hana haraka. Ananyamaza, anapiga noti moja, anaipinda na kuitetemesha mpaka ilie, kisha ananyamaza tena. Wasomaji wetu wakongwe watakumbuka kwamba mwezi Septemba 1974 alifika Kinshasa katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Hivyo hata Afrika ya Kati ilimwona kwa macho yake.

Ngazi ya tatu ni wanawake, na hapa hatuna budi kukawia kidogo, kwa sababu vitabu vingi vya roki huwapita mbio. Mtu Mweusi wa kwanza kuimba bluzi katika santuri alikuwa mwanamke, Mamie Smith, mwaka 1920. Wimbo Ball and Chain uliompa Janis Joplin sifa kubwa mwaka 1967 ulitungwa na Big Mama Thornton. Huyo huyo ndiye aliyeimba Hound Dog kabla ya Elvis Presley, na mwenyewe alieleza kwamba kwa santuri ile alipata hundi moja ya dola 500, asione nyingine. Nao wimbo When the Levee Breaks, uliomo katika santuri ya Led Zeppelin ya mwaka 1971, uliimbwa kwanza na Memphis Minnie na mumewe Kansas Joe McCoy mwaka 1929, miaka miwili baada ya mto Mississippi kuvunja kingo zake na kuwatoa watu majumbani mwao. Kwa wale waliouimba kwanza, gharika ile ilikuwa habari ya juzi.

Akishapita ngazi hizo tatu, msikilizaji anaweza sasa kumrudia Robert Johnson, pamoja na Son House na Charley Patton waliomtangulia. Mchakacho wa sindano hautamsumbua tena, kwa kuwa sikio lake limekwisha jua la kutafuta.

La kutafuta ni lipi? Wapo watakaolalamika kwamba nyimbo zote za bluzi zafanana. Kwa namna fulani ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba tarbia zote zina mistari minne. Ubeti wa bluzi aghalabu huwa na vipimo 12, kila kipimo mapigo manne. Mwimbaji hutoa neno lake katika mstari wa kwanza, hulirudia katika wa pili, na katika mstari wa tatu hulijibu au kuligeuza. Kila mstari unapokwisha huacha nafasi, na katika nafasi hiyo gitaa au kinanda cha mdomo huitikia. Aliyelelewa katika mashairi yetu yenye vina na mizani hatapata taabu hapa, kwa maana anajua kwamba kipimo hakimfungi mtunzi hodari. Humpa uwanja wa kuonyesha uhodari wake. Asikilize basi jinsi mstari wa pili, ingawa maneno ni yale yale, unavyoimbwa tofauti na wa kwanza. Asikilize pia mzaha. Si kweli kwamba bluzi ni kilio kitupu. Mna kejeli ndani yake, mna mafumbo ya mapenzi, mna majivuno na kicheko cha mtu aliyenyang'anywa kila kitu ila ulimi.

Na walinyang'anywa kweli. Utumwa ulipigwa marufuku Marekani mwaka 1865, lakini Weusi wengi wa Kusini walibaki kulima mashamba ya mabwana kwa mgawo. Mkulima alikopeshwa mbegu na chakula, akalima pamba mwaka mzima, na siku ya hesabu, iliyoandikwa na bwana mwenyewe, mara nyingi aliambiwa kwamba bado anadaiwa. Mwenendo kama huo uliwafuata wanamuziki hadi katika studio. Arthur Crudup alitunga na kurekodi That's All Right mwaka 1946; Elvis Presley akaupiga mwaka 1954, na ukawa ndiyo santuri yake ya kwanza. Crudup alitumia miaka mingi kudai malipo yake, akafariki mwaka 1974 hali angali maskini.

Hapo ndipo jina la mtunzi linapokuwa jambo la haki. Mwaka 1962 Muddy Waters aliimba wimbo uliotungwa na Willie Dixon, uitwao You Need Love. Mwaka 1969 Led Zeppelin wakatoa Whole Lotta Love, na jina la Dixon halikuwamo. Aliyeugundua ufanano ule alikuwa binti yake Dixon, aliyekuwa bado mtoto, kwa sikio lake tu. Dixon alifungua mashtaka mwaka 1985, na mwaka 1987 pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Leo jina lake limo katika orodha ya watunzi wa wimbo huo. Tunawaomba wasomaji waitafakari habari hii. Haki ile ilianza kwa mtoto aliyesikiliza kwa makini na kuuliza wimbo huu ni wa nani.

Hatusemi haya ili kijana avunje santuri zake za roki. La hasha. Wapo wanaroki waliolipa deni lao kwa heshima. Bessie Smith, malkia wa bluzi, alizikwa mwaka 1937 katika kaburi ambalo lilikaa bila jiwe la jina kwa zaidi ya miaka 30, hadi mwaka 1970 Janis Joplin na mama mmoja wa Philadelphia walipochangia fedha za jiwe. Kaburi la Memphis Minnie nalo lilipata jiwe mwaka 1996 kwa fedha za Bonnie Raitt, mwanamke mpiga gitaa. Rolling Stones, wengi wao wakiwa wazee wa miaka 70 na zaidi, walitoa mwaka 2016 santuri ya nyimbo 12, zote za bluzi, na zote ni za watunzi wengine. Kijana asiyejua pa kuanzia na aichukue hiyo, asome majina ya waimbaji wa kwanza, na kila siku amtafute mmoja. Mnamo wiki mbili atakuwa amemaliza somo la kwanza.

Wasikilizaji wa Amerika walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1967 B.B. King alialikwa kupiga katika ukumbi wa Fillmore, San Francisco, uliokuwa ngome ya vijana wa roki. Alipoona umati wa Wazungu wenye nywele ndefu alidhani ameletwa mahali pasipo pake. Kabla hajapiga hata noti moja wote walisimama na kumshangilia, naye akatokwa na machozi. Vijana wale walikuwa wamesikia wapigaji wa roki waliowapenda wakimtaja kuwa mwalimu wao.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mpenzi wa roki ametembea tezi, ametembea omo, na sasa twamwita ashuke ngamani alikopakiwa shehena. Siku hizi santuri ni adimu na wengi husikiliza kwa simu, lakini humo nako jina la mtunzi aghalabu limeandikwa kwa atakaye kulitafuta. Na alitafute kabla ya kuuchezesha wimbo mara ya pili. Mzee atakayemsuta siku hiyo atapewa jibu lenye majina, miaka na miji, na huenda naye akaketi akasikiliza.