Simu Kufanya Kazi ya Kompyuta: Jibu kwa Mzazi wa Mwanafunzi



Tumepokea swali kutoka kwa mzazi mmoja wa Pemba. Kijana wake ameingia chuo kikuu huku Unguja na kila wiki anatakiwa awasilishe kazi iliyopigwa chapa. Laptopu hana. Muuza duka mmoja amewapa bei ya laptopu iliyotumika, akasifu kuwa "programu zote zimo ndani, bure". Bei hiyo itamlazimu mzazi auze ng'ombe wake wa maziwa. Kabla hajamuuza, kijana akampigia: baba usiuze, simu hii niliyonayo inaweza kufanywa kompyuta. Mzazi anauliza mambo mawili. Hilo la simu ni kweli au ni porojo za vijana? Na hizo programu za bure ndani ya laptopu zina neno?

Hatukutaka kujibu kwa kusikia. Tulikaa na mwanafunzi wetu wa zamani wa madrasa, ambaye sasa anasomea mambo ya kompyuta, tukajaribu kwenye simu ya Android yenye RAM ya GB 6. Jibu la swali la kwanza ni kuwa kijana amesema kweli, ingawa hakusema yote.

Simu nyingi walizonazo watu visiwani ni za Android, na Android imejengwa juu ya Linux. Linux ni kiini cha mfumo wa kompyuta kilichotolewa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kiini ndicho kinachosema na betri, na kioo, na kumbukumbu ya kifaa, na kugawa zamu baina ya programu. Kwa hivyo simu ya kijana ina msingi uleule wa kompyuta zinazotumia Linux. Isichokuwa nacho ni nyumba ya juu ya msingi huo: madirisha ya kufungua na kuyapanga kwenye kioo, mahali pa kuweka faili, programu ya kuandikia iliyo kamili. Google walipoijenga Android walijenga juu ya msingi huo nyumba nyengine kabisa, inayofaa kidole na kioo kidogo.

Basi kinachofanyika ni kuileta nyumba ile ya kompyuta na kuiweka ndani ya chumba kimoja cha nyumba ya simu. Chumba hicho ni programu iitwayo Termux. Ndani yake huwekwa Debian, ambao ni mkusanyiko wa Linux pamoja na maelfu ya programu zake, mradi ulioanza mwaka 1993 na unaoendeshwa na watu wa kujitolea. Baina ya viwili hivyo yupo mkalimani anayeitwa proot. Debian inapoomba faili, inadhani imekaa kwenye kompyuta yake yenyewe. Proot hulipokea ombi hilo na kulielekeza kwenye chumba tulichokitenga. Ni kama mpangaji aliyepewa chumba kimoja akaaminishwa kuwa nyumba yote ni yake. Faida yake ni kuwa hakuna haja ya kuvunja ulinzi wa simu, na simu inabaki simu: WhatsApp ipo, na pesa za simu zipo. Hasara yake ni kuwa kila ombi lina mkalimani, kwa hiyo kazi huenda polepole zaidi.

Mtu atakayetaka kufanya hayo aichukue Termux kutoka F-Droid, duka la programu huria, kwani ndiko watengenezaji wenyewe wanakowaelekeza watu. Simu itaonya kuwa programu inatoka nje ya Play Store. Ruhusa hiyo itolewe kwa kazi hiyo tu, kisha izimwe. Ndani ya Termux huandikwa amri chache, mojawapo ni proot-distro install debian, na baada ya hapo huongezwa XFCE, ambayo ni eneo la kazi jepesi lenye madirisha na menyu, na LibreOffice kwa ajili ya kuandika, mahesabu na slaidi. Programu nyengine ndogo iitwayo Termux:X11 ndiyo inayoyaonesha hayo yote kwenye kioo cha simu. Yote yakijumlishwa, bando linaloliwa hupita GB 1, kwa hivyo tunashauri yapakuliwe kwenye intaneti ya chuo, si kwa bando la mzazi. Simu iwe na nafasi tupu ya GB 8 hivi. RAM ikiwa GB 4 kazi itafanyika kwa subira. Chini ya hapo tusidanganyane.

Tulipomaliza tuliona kwenye kioo cha simu menyu, madirisha na kalamu ya kuandikia, vyote vidogo mno kwa macho yetu ya miaka hamsini na kitu. Hapa ndipo kijana hakumwambia baba yake yote. Bila ya kibodi na kipanya, kompyuta hii ni mchezo tu. Vitu hivyo si ghali ukilinganisha na laptopu. Vipo vya Bluetooth, na vipo vya waya ambavyo huchomekwa kwa kiunganishi cha OTG. Kioo kikubwa ni jambo jengine. Simu hutoa picha kwenye televisheni kwa waya wa USB-C ikiwa tu tundu lake limetengenezwa kwa kazi hiyo, na simu nyingi za bei nafuu hazina uwezo huo hata kama tundu lina umbo lilelile. Watu hununua waya, wakachomeka, kikabaki kioo cheusi, wakadhani wameuziwa waya mbovu. Muulizeni muuzaji kuhusu simu kwanza, waya baadaye.

Fikra hii haikuzuka jana. Mwaka 2013 kampuni ya Canonical, watengenezaji wa Ubuntu, ilijaribu kuchangisha dola milioni 32 ili itengeneze simu itakayokuwa kompyuta ikichomekwa kwenye kioo. Fedha hazikutimia na simu haikutengenezwa. Samsung walileta DeX mwaka 2017, wakajaribu kutia na Linux ndani yake, kisha jaribio hilo la Linux wakalifunga mwaka 2019. Mwaka 2025 Google wenyewe wameweka terminali ya Debian kwenye simu zao za Pixel. Wakubwa wameingia na kutoka, lakini njia ya Termux imebaki wazi kwa mwenye simu ya kawaida.

Sasa inaweza kazi gani? Kuandika insha na ripoti, inaweza bila ya taabu, na faili za Word hufunguka na kuhifadhiwa, ingawa mpangilio wa majedwali mara nyengine huchezacheza. Mwanafunzi atoe nakala ya PDF kabla ya kumtumia mwalimu. Lugha za kuandikia programu kama Python zipo, na R kwa takwimu ipo. Na jambo lililotufurahisha sisi hasa ni Kiarabu: LibreOffice huandika kutoka kulia kwenda kushoto bila ya kuvuruga mstari, na Debian ina herufi za Amiri, zilizofuata sura ya herufi za Matbaa ya Bulaq ya Misri. Mtihani wa madrasa yetu wa muhula huu, wenye Kiswahili na Kiarabu katika ukurasa mmoja, tuliupiga humo.

Isichoweza pia tuseme. Programu za Windows zimeandikwa kwa aina nyengine ya kichakataji, na simu ina chake, kiitwacho ARM. AutoCAD haitokaa humo. SPSS haitokaa humo, ingawa ipo PSPP inayofungua faili zake na kufanya sehemu kubwa ya hesabu za kawaida. Kabla ya mzazi kuamua, kijana amuulize mwalimu wake ni programu zipi zitahitajika mpaka mwaka wa mwisho. Mwanafunzi wa sheria, lugha au dini ataweza kumaliza miaka yake yote kwa njia hii. Anayesomea uhandisi wa majengo, hapana, na kumwambia vyengine ni kumdhulumu.

Lipo jambo ambalo limeliza watu. Kila kilichomo ndani ya Debian hiyo kinakaa ndani ya Termux. Ukiifuta Termux, au ukabonyeza kufuta data zake ili upate nafasi, unafuta kompyuta yote pamoja na kazi zako. Kijana mmoja alitusimulia alivyopoteza sura mbili za tasnifu kwa namna hiyo, usiku, akitafuta nafasi ya kupokea video ya harusi. Itolewe amri ya termux-setup-storage mwanzoni, na kila kazi ihifadhiwe kwenye folda ya kawaida ya simu, na nakala itumwe kwenye barua pepe. Vilevile, tangu Android 12 simu huziua programu ndogondogo za nyuma zikizidi idadi fulani, na dirisha likafungika katikati ya sentensi. Kwenye simu nyingi za Android 14 na kuendelea, katika machaguo ya wasanidi programu, ipo swichi ya kuondoa kizuizi hicho. Na simu itapata moto: itolewe kava, isilazwe juu ya godoro ikiwa kwenye chaji.

Upande wa umeme, simu ina fadhila yake. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009, kisiwa kilipokaa miezi mitatu bila ya umeme, wanajua kompyuta ya mezani ni nini umeme ukikatika. Simu huchajiwa hata kwa sola ndogo ya dukani.

Tuje kwenye swali la pili. Programu "za bure" zinazojazwa kwenye laptopu za mitumba mara nyingi ni zilizovunjwa funguo. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha tano huko Kuwait, Disemba 1988, ilipitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Wapo wanazuoni walioruhusu nakala kwa mwenye haja kwa matumizi yake binafsi bila ya biashara, na hatuwatii makosani wenzetu. Sisi tunaelemea kauli ya Majmaa, na zaidi hapa ambapo muuzaji anachuma kwa kitu kisicho chake. Tena mara nyingi ndani ya programu hizo hufichwa virusi vinavyoiba maneno ya siri. Laptopu yenyewe kuinunua hakuna neno. Azifute hizo programu na atie Linux.

Ama Debian, XFCE na LibreOffice, wenyewe wamezitoa kwa leseni zinazoruhusu kutumia, kunakili na kumpa mwenzako. Kijana akimwekea rafikiye wa bwenini, hajachukua haki ya mtu.

Neno dogo kwa akina mama. Termux ikifunguliwa ni kioo cheusi chenye maandishi, na mama mmoja alimnyang'anya mwanawe simu akidhani anajifunza kuiba pesa za watu mitandaoni. Khofu yake ina asili, kwani wapo wanaoitumia kwa hayo. Lakini kioo cheusi peke yake si ushahidi. Mwambie akufungulie akuoneshe anachoandika. Mwenye kazi ya chuo ataionesha.

Kwa huyu ndugu yetu wa Pemba, kijana anasomea ualimu wa Kiswahili na historia, na simu yake ina RAM ya GB 6. Tumemshauri anunue kibodi na kipanya, ajaribu muhula mmoja, na ng'ombe abaki bandani.

Wallahu aalam.