Chakula cha Samaki Bwawani

Wakulima wa Kasense, Ufipa, hufukia nyasi katika matuta ya mviringo ili zioze na kurutubisha udongo. Bwawa la perege hurutubishwa vivyo hivyo. Zungushia miti katika kona ya bwawa, kisha jaza humo samadi na majani mabichi. Vitu hivyo vikioza, vijimea vidogo sana huota majini, na maji huwa ya kijani. Perege hula vijimea hivyo. Waongezee pumba za mahindi kidogo kidogo.

Jaribio: Tumbukiza mkono hadi kiwiko. Usipoviona vidole, chakula kinatosha, usiongeze samadi. Samadi ikizidi, oksijeni hupungua. Mchana vijimea huitoa, lakini usiku huitumia tu. Samaki huweza kufa.

Swali: Kwa nini samaki hutweta juu ya maji alfajiri?