Ngano ya Punjab, Mpunga wa Bengal
Tija ya kilimo, yaani mavuno yanayopatikana yakilinganishwa na ardhi, nguvukazi na pembejeo zilizotumika, haikukua kwa kasi moja nchini India baada ya mbegu za ngano fupi kutoka Meksiko kuingizwa katikati ya miaka ya 1960. Ngano hiyo, ambayo mabua yake mafupi huhimili masuke mazito bila kulala, ilihitaji mbolea nyingi na maji ya uhakika, na Punjab tayari ilikuwa na mifereji ya enzi za Waingereza pamoja na soko la serikali lililonunua nafaka kwa bei iliyotangazwa mapema. Bihar, licha ya rutuba ya bonde la Ganges, ilirithi mfumo wa umwinyi wa ardhi uliowekwa mwaka 1793, ambao uliwaacha wengi wakilima mashamba wasiyokuwa na sababu ya kuyaendeleza; kuwalaumu kwa uvivu, kama ilivyozoeleka, si haki. Bengal Magharibi, iliyorithi mfumo huohuo, iliongeza mpunga kwa kasi katika miaka ya 1980, visima vya pampu vilipoenea na wakulima wapangaji walipoandikishiwa haki zao. Punjab, kwa upande wake, sasa huvuta maji ya ardhini kwa kasi inayoishinda mvua kuyarejesha.