Gesi ya friji haiishi, huvuja: Usikubali kujaziwa kabla ya kipimo

KISAWASAWA. Joto la Bonde la Kilombero halina mzaha. Kwa familia zinazoishi kando ya barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, friji si pambo la sebuleni. Ni barafu za kuuza, samaki wa kesho na juisi ya wanafunzi wanapotoka shule.

Hapo ndipo kisu kinapoingia. Barafu imeng'ang'ania, mteja amesimama mlangoni, mtoto anatumwa aichokoe. Bati la ndani ya friza ni laini na limebeba njia nyembamba za gesi. Ncha ikipenya husikika "fssss", kisha kimya. Mtoto anaogopa kusema. Baada ya siku mbili friji inaunguruma usiku kucha bila kugandisha.

Fundi akiitwa, mara nyingi husema: "Gesi imeisha, tujaze." Kauli hiyo imekula hela za akina mama wengi. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya jiko. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, ikibeba joto la ndani na kulitoa nje, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, ujue pana tundu. Kujaza bila kuziba ni kuteka maji kwa pakacha.

Anza na kibandiko

Nyuma ya friji au ndani ya mlango pana kibandiko chenye jina la gesi na uzito wake. Friji za zamani zilitumia R12, iliyoanza kuondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Ikafuata R134a, isiyogusa ozoni lakini inayoongeza joto la dunia mara 1,430 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi za aina hiyo. Ndiyo maana friji nyingi mpya zina R600a. Hii ni nafuu kwa mazingira, ila inawaka.

Sifuri si salama kila mara

Fundi makini hutembeza kipima uvujaji kwenye maungio ya mabomba. Kikionyesha sifuri, usishangilie upesi. Huenda tundu halipo. Huenda pia kifaa ni cha R134a na hakitambui R600a kabisa. Au friji inafanya kazi: upande wa baridi wa friji ya R600a huvuta hewa ndani badala ya kutoa gesi nje, kwa hiyo tundu halionekani. Upande huo hupimwa friji ikiwa imezimwa na kutulia.

Namba ikipanda, nayo iulizwe. Jiko la gesi, manukato au spiriti vinaweza kukidanganya kifaa. Fundi akiwashe kwanza nje, penye hewa safi, kisha akirudishe palepale mara ya pili. Namba inayopanda kila mara mahali pamoja ndiyo ya kuaminiwa. Kisha apake povu la sabuni: mapovu yakichemka, au pakiwa na alama ya mafuta, tundu limepatikana.

Namba hutegemea mahali

R600a huanza kuweza kuwaka ikifika asilimia 1.8 ya hewa, yaani sehemu 18,000 katika milioni. Gramu 60 zikivuja hutoa takriban lita 25 za gesi. Zikisambaa sawasawa katika chumba cha mita tatu kwa tatu chenye kimo cha mita mbili na nusu, kipimo kitasoma kama 1,100 tu. Lakini nusu yake ikibaki ndani ya friji ya lita 200 iliyofungwa, ni asilimia sita, na hiyo inawaka. Gesi hii pia ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, pale watoto wanapolala kwenye mkeka. Kipimo kilichoshikwa usawa wa kifua kinaweza kusoma kidogo wakati hatari iko miguuni.

Basi ukisikia mlio wa gesi, zima moto wote, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, fungua milango na madirisha, toa watoto nje. Fundi akitaka kujaza gesi ya kupikia, au R600a kwenye friji iliyoundwa kwa R134a, mkatalie.

Barafu iyeyushwe kwa kuzima friji na kuweka sufuria ya maji ya moto ndani. Na mtoto aliyetoboa asipigwe. Akisema mapema ni wapi kisu kilipita, fundi anajua pa kuanzia, na nyumba nzima inalala salama.