Bastola ya chuma au ya plastiki? Muhimu ni namba

BUJUMBURA. Ruziba, kusini mwa jiji, bastola hukumbusha vita vilivyoanza mwaka 1993. Kirigiti, Kiambu nchini Kenya, ni chombo cha mchezo, na walenga shabaha hubishana ipi bora.

Wapenzi wa M1911 ya chuma, kazi ya Mmarekani John Browning, husifu kifyatulio kinachorekebishwa na fundi kwa mkono. Uzito wa zaidi ya kilo moja huizuia kuruka. Wa Glock 17, ya Austria, hujibu: nyepesi, na hubeba risasi 17 badala ya saba.

Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Burundi ilitia saini, inataka kila silaha iwe na alama. Namba kwenye plastiki hufutika kwa urahisi, hivyo Glock huwekewa kibati cha chuma. Kikikwanguliwa, bastola iliyotoka Kirigiti ikiokotwa Ruziba huwa vigumu zaidi kumjua mwenyewe.