Je, Wajua Ni Nani Aliyeishika Poti ya Kompyuta?

Gati la bandari ya Mtwara lilikusudiwa kupakia karanga za Nachingwea, na mradi wa Waingereza wa kuzilima ulipovunjwa mwaka 1951 gati halikufa nao, bali lilikuja kuwa njia ya korosho za kusini mwa Tanzania. Basi atakaye kujua ni chombo gani kilichofunga hapo leo hana budi kutazama daftari la bandari, kwani azma ya waliojenga haitamjibu.

Hali ni hiyo hiyo katika kompyuta za ukoo wa Unix, mfumo uliozaliwa Marekani mwaka 1969. Kila kompyuta iliyo mtandaoni ina poti zenye nambari zifikazo 65535, nazo ndizo programu hupokelea wageni. Sajili ya nambari hizo iliangaliwa kwa miaka mingi na mtaalamu Jon Postel, aliyefariki mwaka 1998: 80 ni ya tovuti, 443 ni ya tovuti zilizofumbwa kwa siri, 22 ni ya kuingia kwa mbali kwa njia ya SSH. Lakini sajili hiyo ni ada tu, wala si ushahidi. Programu yoyote yaweza kuishika poti ya 80, maadamu imepata idhini ya msimamizi, ambayo kwa dasturi hutakiwa kwa nambari zote zilizo chini ya 1024.

Ajuaye hakika ni kerneli, kiini cha mfumo, maana hapana programu isikilizayo mtandao pasipo kuiomba soketi, yaani ncha ya mawasiliano. Katika Linux, mfumo wa ukoo huo, kerneli huiandika kila soketi ya itifaki ya TCP yenye anwani ya IPv4 katika faili la /proc/net/tcp, kwa hesabu ya kumi na sita, hata 80 ikasomeka 0050, na kando yake nambari ya utambulisho. Kisha mtafutaji hupekua faili zilizofunguliwa na kila mchakato, yaani programu inayoendeshwa, mpaka aione nambari ile ile. Kazi hiyo inachosha, nayo hurahisishwa na lsof, programu iliyotungwa na Vic Abell wa Chuo Kikuu cha Purdue: ukiandika «lsof -i :80», hukutajia jina la programu, nambari ya mchakato na mtumiaji wake. Katika Linux, «ss -ltnp» hutoa habari kama hizo kwa poti zote za TCP zinazosikiliza.

Aulizaye bila mamlaka ya msimamizi aghalabu haonyeshwi michakato ya watu wengine, akadhani poti haina mwenyewe. Na pengine haina kweli: muunganisho uliokwisha kufungwa, Linux huuhifadhi sekunde 60 hivi, usiwe na mchakato wowote nyuma yake.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Tanzania ikazorota, fundi aliyekuwa Mikindani, karibu na Mtwara, angaliweza kuuliza ni nani aliyeishika poti na kujibiwa papo hapo, kwani jibu limo ndani ya mashine yake mwenyewe.

Akishamjua mshika poti, asikimbilie «kill -9», amri inayoua mchakato bila kuupa nafasi ya kuhifadhi kazi yake. Na atangulize «kill» tupu, inayouomba uondoke kwa taratibu.